Mlango Mpana wa Mektrida

"Mektrida ameuchimba mlango wa kanisa la Kibosho!" Salvina alimwambia jirani yake Anyesi, wakiwa wanaanika nguo kule Pasua. "Mashine ya msasa kumwachia mwanamke, walitegemea nini?"

Anyesi alimfunga mwanawe Basili mgongoni, akaenda karakana ya ushirika kujionea. Alimkuta Mektrida peke yake, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la mvule, anaupapasa ubao mpana kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Ni kweli, katikati palikuwa na bonde.

"Ulisita ukiwa ndani ya mashine," Mektrida alisema. "Ile rola ya msasa haiachi kuzunguka, ubao ukisimama unaliwa. Filemon alitakiwa apokee upande wa pili, kumbe ametoka kuvuta sigara."

"Na sasa, dada?"

"Naupitisha tena wote, kidogo kidogo, mpaka bonde liishe. Unene bado upo. Ila nikiharibu tena narudishwa kufagia, na wanaume wote wamekataa kunipokelea. Nilikuwa nakuja kwako."

Akatoa mfukoni jani la isale, lile ambalo Mchagga akiombwa nalo hakatai, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mama Basili, mtoto mpelekee huyo Salvina, si ana nafasi ya kusema watu? Halafu usimame kule nyuma. Ubao ukitoka, uubebe sawasawa, usiuvute. Nipokelee, mdogo wangu."