Mwanamke wa Nguo Nyeupe Kwenye Gari-Nyumba Letu la Zamani

Siku upepo ulipolifunua lile turubai, nilijiona mwenyewe nimekaa kwenye ngazi ya nyumba niliyokwisha kuihama.

Mimi niko ndani, nimeshika pazia. Na mimi niko kule chini, karibu na mawe ya pwani, nguo nyeupe, kichwa nimeinamisha.

Msicheke. Nisomeni mpaka mwisho, ndipo mniite mwehu.

Naitwa Rahila. Wazee wangu ni watu wa Unguja, mimi nimekulia Maskati. Mume wangu Sleiman alistaafu mapema, na hatukujaaliwa mtoto. Siku moja akasimama katikati ya nyumba yetu ya Madinat Sultan Qaboos, vyumba vingi, watu wawili, akasema, "Rahila, tunafagia vyumba vya nani?"

Tukaiuza. Tukanunua gari-nyumba.

Kwa msiojua, ni kama basi lenye kitanda, jiko na choo ndani. Unaendesha, ukichoka unasimama, umeshafika nyumbani. Dada yangu Bakhita alishika kichwa. "Mtu mzima na akili zake anakwenda kuishi kwenye basi!"

Bakhita huyu ana mdomo, lakini ananipenda.

Tuliishi humo miaka, na ilikuwa miaka mizuri, siwadanganyi. Leo milimani, kesho pwani. Nilishona mapazia ya kanga nyekundu kwa mkono wangu. Bamba la nyuma nililibonyeza mimi mwenyewe, siku niliyojitia ujuzi wa kurudi nyuma kule Qurum nikagonga nguzo ya taa. Sleiman alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia siku ile sikugusa tena usukani wa nyumba. Gari ndogo naendesha vizuri tu, lakini nyumba nilimwachia yeye.

Basi ghafla Sleiman akaanza kulalamika.

"Hili gari linachosha. Ukitaka mkate tu, ubebe nyumba nzima."

"Si ndiyo raha yake?" nikamwambia.

"Hapana. Mpango ni karavani la kuvutwa. Unalitegesha mahali, unafungua pikapu, unaacha nyumba, unakwenda zako."

Maneno hayo yawekeni akilini. Mimi sikuyaweka.

Akaleta karavani kubwa, lile ambalo shingo yake inapanda juu na kukaa mgongoni mwa pikapu. Zuri, lina nafasi, hata sebule. Gari-nyumba akasema ameliuza kwa mtu wa Sohar. Nikamwomba anirudishie mapazia yangu tu.

Akarudi mikono mitupu. "Mnunuzi ameyapenda, Rahila. Nimeona haya kumnyima."

Nililia kwa ajili ya mapazia, kama mtoto.

Kulifunga karavani kwenye pikapu kulikuwa kazi ya watu wawili. Yeye anarudi nyuma na pikapu, mimi nimesimama kando na redio ya mkononi namwongoza: "Kata kulia. Rudi. Rudi. Basi!" Naye akishasikia, hajibu kwa mdomo. Anabonyeza kitufe cha redio yake mara mbili. Kwa-kwa.

Ikawa ndiyo salamu yetu. Akienda kutafuta maji au gesi, akikaribia kurudi anabonyeza: kwa-kwa. Najua mume wangu amefika, naweka kahawa.

Na alikuwa akienda sana kutafuta maji na gesi. Wakati mwingine kutwa nzima.

Halafu siku moja hakurudi. Moyo wake ulisimama kituo cha mafuta, mikononi mwa watu asiowajua. Hata sasa ninavyoandika, hapo ndipo pananichoma. Mtu aliyeogopa kunywa chai peke yake.

Nikaingia eda.

Karavani letu siku hizo lilikuwa Qantab, kwenye kiwanja cha Safwan, mdogo wake Sleiman, juu kidogo ya ufukwe. Nyumba ya mume wangu ilikuwa hiyo, basi eda nikakaa humo. Nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, bila kutoka. Bakhita alikuwa akija mchana na chakula. Safwan alisemea nje ya mlango, kama inavyostahili.

Na jambo la kwanza alilosema halikunipendeza.

"Shemeji, ukitoka eda hili karavani tutaliuza. Utakuja kukaa kwetu, chumba cha nyuma kipo."

"Mie nnakaa humu humu, Safwan."

"Nani atakuvutia hili karavani? Wewe kulifunga tu hujui. Na mtu akikaa peke yake kwenye kibati namna hii, akili huanza kumwendea mbali. Ataona yasiyokuwepo."

Nikarudisha mlango. Lakini nilielewa. Nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichobaki cha maisha yetu, na nikionekana nimeruka akili hata kidogo, itaondoka, na mimi nitahamishiwa chumba cha nyuma na sahani ya kuletewa.

Basi mnaweza kufikiri hali yangu asubuhi moja, nimemaliza kusali alfajiri, redio iliyokuwa kwenye chaji ikalia.

Kwa-kwa.

Nywele zilinisimama. Ile redio ya pili alikuwa nayo yeye. Nikajiambia, ni mawimbi ya wavuvi. Nikasoma, nikajipulizia kifuani, nikalala.

Kesho yake, wakati ule ule: kwa-kwa. Wallahi mguu wangu ulikwisha kuinuka kwenda kuweka kahawa.

Sikumwambia mtu.

Ndipo ukaja ule upepo. Kule chini kwenye mawe kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai, siku zote nikidhani ni boti ya Safwan. Upepo ukaling'oa upande mmoja. Nikachungulia.

Mapazia ya kanga nyekundu.

Nikatazama nyuma. Bamba limebonyea pale pale nilipolibonyeza mimi.

Na kwenye ngazi, mwanamke. Nguo nyeupe kama yangu. Umbo kama langu. Amekaa kama nilivyokuwa nikikaa, kikombe mkononi, anatazama bahari. Kisha akainua uso akatazama juu, kwenye dirisha langu.

Nyumba iliyouzwa Sohar imerudi, na mimi nimo ndani yake! Nilisikia utotoni kwamba mtu akikaribia kufa hujiona. Nikasema, ndiyo hivyo, Sleiman amekuja kunichukua na nyumba amekuja nayo.

Bakhita alipoingia nilimshika mkono nikamvuta dirishani. Sikuweza tena kujizuia.

"Unaona nini pale?"

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akaliteremsha pazia.

"Naona mawe, dada."

"Gari-nyumba letu hulioni? Yule mwanamke humuoni?"

"Mawe tu. Njoo ule. Na usimwambie Safwan maneno haya, tafadhali."

Kesho yake nikachungulia. Turubai limerudi, limefungwa kamba pande zote. Hakuna kitu. Nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu sasa niliamini. Nimeruka akili, na hata dada yangu ananificha.

Siku zile zilizofuata zilinitesa. Nilikuwa nikizungumza na mapazia. Nikila, naona mtu yule naye anakula. Nikijifunika shuka, nasema, na kule nimejifunika. Kila alfajiri kwa-kwa, na mimi nimekaa na redio mapajani.

Asubuhi moja nikasema, liwalo na liwe. Nikabonyeza, nikasema, "Nani wewe?"

Kisha pumzi ya mtu anayelia. Sauti ya mwanamke, ndogo, imekauka.

"Mke wa Sleiman."

Niliitupa redio ikapiga ukuta.

Najua, nyinyi mnaosoma mshajua zamani. Mimi sikujua. Mtu aliyelala na mume mmoja maisha yake yote, akisikia "mke wa Sleiman," anajisikia yeye. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini mzuka kuliko kuamini lile lililokuwa mbele ya macho yangu.

Nikamaliza eda.

Bakhita akaja mapema, akaniogesha, akanivalisha nguo mpya, akawasha udi. Wageni walikuwa bado. Nikamwambia, "Nakwenda kutazama yale mawe yako."

Akasimama mlangoni. "Dada, usiende."

"Kwa nini, ikiwa ni mawe?"

Akaanza kulia. Nikampita.

Jua lilikuwa halijapata ukali. Nikashuka na viatu vyangu vipya vya kutoka eda, mchanga unaingia. Nikafungua kamba ya kwanza. Ya pili. Nikavuta turubai likaanguka.

Pembeni ya ngazi kulikuwa na makubadhi ya Sleiman, yamepangwa sawasawa, ncha zikitazama nje, kama yanavyopangwa kwangu.

Mlango ukafunguka.

Si mimi. Mdogo kwangu, mweupe kidogo, macho yamevimba. Naye nywele zimelowa. Naye anafuka udi. Naye nguo mpya. Siku moja tulifiwa, siku moja tumetoka eda.

"Bibi Rahila," akasema. "Karibu. Mie Lamya. Nilikuwa nnataka kuja kwako kukushukuru, Safwan akanikataza."

"Kunishukuru nini?"

"Nyumba. Sleiman aliniambia wewe umeridhia, na gari-nyumba umenipa kwa moyo wako. Na mapazia ulinishonea."

Nilikaa kwenye ngazi. Ngazi yangu.

Unaacha nyumba, unakwenda zako. Kumbe hakubadilisha nyumba, alizifanya mbili. Na maji aliyokuwa akitafuta kutwa nzima, alikuwa akiyapeleka kwenye nyumba hii.

Niliyotaka kumfanyia Sleiman asubuhi ile yasingeandikika. Bahati yake alikuwa ardhini.

Bakhita alikuwa amefika nyuma yangu, anahema. "Safwan alilileta hapa usiku wa maziko," akasema. "Mwanamke amefiwa, yuko peke yake jangwani, ungemwacha? Safwan kiwanja anacho hiki hiki. Tukasema tulifunike turubai, mwenye eda hatoki, hutomuona. Umalize kwa utulivu kwanza."

"Utulivu!" nikamwambia. "Nimekaa miezi minne na siku kumi nikijua nimeruka akili! Nyumba ya magurudumu ina madirisha pande zote, Bakhita, hamkulifikiri hilo?"

Bakhita akainama, akaanza kulikunja turubai.

Ndipo Safwan akashuka, kachelewa kama kawaida yake, akaanza, "Shemeji, kwanza tulia, lile karavani kuna mtu anakuja kulitazama leo..."

Nikamgeukia Lamya. Sijui nilitoa wapi maneno yale.

"Wewe unajua kulifunga karavani na pikapu?"

"Nnajua. Alinifundisha kabla hajakuletea wewe."

Hapo tena nikachomwa. Mimi alinicheka, yeye alimfundisha. Lakini nikameza.

"Safwan. Ufunguo wa pikapu."

"Shemeji..."

"Ufunguo!"

Akautoa. Lamya akachukua ile redio ya pili, Sleiman alikuwa ameiacha kwake, akapanda, akarudi nyuma taratibu kuelekea karavani langu. Mimi nikasimama kando na redio yangu iliyopasuka. "Kata kulia. Rudi. Rudi. Basi!" Shingo ikakaa mahali pake, chuma kikajifunga. Aliyekuja kutazama karavani alikuta alama za magurudumu.

Hatukuwa marafiki siku ile, na hata leo sijui tuiteje hali yetu. Lakini yeye alinifundisha. Sasa navuta nyumba yangu mwenyewe, narudi nyuma mwenyewe, na bamba langu halijabonyea. Mapazia nilimwachia. Aliyalilia kuliko mimi.

Nilimuuliza jambo moja tu, jioni ya siku ile, tunakunywa kahawa hatutazamani.

"Kila alfajiri ulikuwa ukinibonyezea redio. Kwa-kwa. Ulikuwa unataka nini?"

Kikombe chake kikasimama hewani.

"Mie?" akasema. "Mie sikubonyeza hata siku moja, bibi, ila ile asubuhi uliyoniuliza mie nani. Nilikuwa nikiisikia huku. Nilidhani ni wewe."

Tukatazamana. Kila mmoja wetu, kumbe, alikuwa akiinuka kwenda kuweka kahawa.

Redio zote mbili nimezitoa betri, ziko kwenye sanduku.

Ninalowaachia ni dogo, hasa dada zangu mnaosoma hii mkiwa mmejilaza vizuri nyumbani kwenu. Mume akianza kusifu sana nyumba isiyo na injini, muulize injini anaipeleka wapi. Na usingoje afe ndipo ujifunze kuivuta nyumba yako.