Maharage ya Kupimia Chemchemi

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Mlandege na begi langu la mgongoni, blanketi moja, na soksi mbili ambazo hazikuwa pea. Sikuwa na safari. Nilikuwa nimekaa Iringa majuma saba nikipakua vitunguu vinavyotoka Ruaha Mbuyuni, na juma la saba kwangu huwa ndilo la kuondoka. Nyayo huanza kuwasha. Ndivyo nilivyoacha shule Mbeya nikiwa darasa la sita, na ndivyo nilivyoacha kila mahali baada ya hapo. Mama yangu alikuwa akisema mimi si mvivu, ila nilizaliwa nikiwa nimeshavaa viatu.

Karibu na kituo cha mafuta dada mmoja alikuwa akihangaika kupandisha jenereta kwenye pikapu. Nikamsaidia. Akaniuliza naelekea wapi.

"Gari hili linaenda wapi?"

"Kilolo. Ndani ndani huko, kijijini."

"Basi naelekea huko huko."

Alicheka, akanikaribisha mbele, kati yake na dereva. Mkoba wake aliukumbatia kama mtoto mgonjwa. Nikamuuliza mkoba una nini. Kompyuta, akasema. Ya nini? Ya kuwasaidia watu kuchagua. Nikamwambia watu wamechagua tangu enzi za Adamu bila umeme.

"Wamechagua," akasema. "Ila wakigombana, mara nyingi hawajui hasa wanagombania nini."

Njiani alinieleza. Kijiji tulichokuwa tunakiendea kilikuwa na chemchemi moja mlimani na njia mbili za kuitumia. Njia ya kwanza: kuchukua maji yote, kuyasukuma kwa pampu hadi tangi la shuleni, juu kabisa, katikati ya nyumba. Njia ya pili: kuchukua nusu tu kwa bomba linaloteremka lenyewe hadi kanisani, mteremkoni chini ya nyumba zote, na nusu nyingine kuiacha iende bondeni kwenye vinyungu. Vinyungu ni bustani za bondeni ambazo watu wa huku hulima wakati wa kiangazi, mashamba ya mlimani yakiwa vumbi. Kwa miaka miwili mikutano ilikuwa imevunjika kwa kelele.

Tulifika saa nne. Watu kama ishirini walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, wamejifunga mashuka kwa baridi. "Kamwene," tukasalimia, wakaitikia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa kofia ya sufu, alikuwa ameshawaahidi watu tangi la shuleni na hakulificha hilo. Upande wa pili, karibu na mlango, alikaa mama mmoja mjane na bakuli kubwa la maharage makavu aliyoleta kwa ajili ya chakula cha mkutano. Kinyungu chake ndicho cha kwanza chini ya chemchemi. Alikuwa anawalea wajukuu watatu kwa kinyungu hicho: mahindi mabichi, maharage, majani ya maboga. Maji yote yakipanda shuleni, chake ndicho kingekauka kwanza.

"Mimi sina maneno mengi," alisema alipopewa nafasi. "Mkikata maji, mnikate na mimi."

Dada alipanga makopo manne mezani. La kwanza la urahisi wa kuchota maji, la pili la vinyungu, la tatu la urahisi wa matengenezo, la nne la usalama wa msitu wa chemchemi. Kila mtu angepewa punje ishirini azigawe kadiri kila jambo lilivyo muhimu kwake. Alikuwa amesahau kokoto zake mjini, kwa hiyo tukaazima maharage ya mama. Ikatakiwa mtu wa kuhesabu asiyekuwa na upande.

"Huyu hapa," mwenyekiti akanionyesha. "Hana kinyungu, hana ndoo, hata pa kulala hana."

"Wa Mbeya huyo," akasema mtu aliyeniuliza kwetu tulipoingia. "Kusema wanajua. Kuhesabu je?"

Nikahesabu, nikarudia. Makopo yote manne yalilingana hivi kwamba nilidhani nimekosea. Dada akaingiza namba kwenye programu, projekta ikatupa ukutani mistari minne minene yenye urefu mmoja, na njia zote mbili zikatoka sare. Akashika kichwa.

"Jamani, kila mtu ameweka tano, tano, tano, tano?"

Mwenyekiti akamjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Mwanangu, umeyapanga makopo mbele ya watu. Kopo ni kama mgeni. Utampakulia huyu na yule umwache anaangalia?"

Ukumbi wote ukaitikia kwa kichwa. Kwao haikuwa hesabu, ilikuwa adabu. Nami nilitazama yale makopo na kweli nikaona wageni wanne wameketi.

Dada akayafunika makopo kwa kanga yake.

"Tuache umuhimu," akasema. "Tuseme mambo yote yamekwenda vibaya kadiri njia hizi mbili zinavyoweza kuyapeleka. Bomba liko chini kanisani, unapanda kilima na ndoo. Vinyungu vyote vimekauka. Pampu inakufa kila mwezi. Msitu wa chemchemi umekwisha. Mungu anakuruhusu utengeneze kimoja tu. Unaanza na kipi?"

Kabla ya hapo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba maji ni uhai. Sasa alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ngoja kwanza. Umesema bomba kanisani lipo?"

"Lipo."

"Kumbe maji ninayo."

"Unayo kwa njia yoyote utakayochagua. Tofauti ni kile kilima tu."

"Basi kilima ni kuchosha magoti tu," akasema polepole. "Naanza na vinyungu."

Mbozi nimewahi kuligusa lile jiwe la kimondo lililoanguka kutoka mbinguni, na sikushangaa kama nilivyoshangaa pale. Maji yalikuwa jambo kubwa kuliko yote na bado yalikuwa makubwa. Lakini hakuna njia iliyokuwa inawanyima, na kwa hiyo kwenye mizani ya siku ile yalikuwa mepesi. Walikuwa wamegombana miaka miwili juu ya kitu ambacho wote walikuwa nacho tayari. Na swali moja, lililoulizwa kutokea nyuma badala ya mbele, lilikuwa limelionyesha hilo. Nilijiuliza ningekaa shule miaka mingapi kabla mtu hajaniambia hivyo.

Maharage yakagawiwa tena, safari hii mmoja mmoja nyuma ya kanga iliyotundikwa kama pazia.

"Tutakula saa ngapi kura zetu?" mzee mmoja akauliza, watu wakacheka.

Nilipohesabu, kopo la vinyungu lilijaa. Ukutani mstari wa njia ya pili ukaupita wa kwanza. Mama mjane hakutazama ukuta; alimtazama mwenyekiti.

Mwenyekiti akainuka. "Nipe mimi hicho kipanya."

Dada akamwonyesha jinsi ya kuuongeza uzito wa urahisi wa kuchota. Mzee akausukuma kwa kidole kimoja, ulimi nje. Mstari wa tangi la shuleni ukarefuka.

"Bado?"

"Bado, mwenyekiti. Ongeza."

Akaongeza. Watu wakaanza kunong'ona. Akaongeza tena, na mara mistari ikapishana. Njia yake ikashinda. Hakuna aliyepiga makofi.

"Hapa ninasema nini?" akauliza.

"Hapa unasema kupanda kilima na ndoo ni kubaya mara tisa kuliko vinyungu vyote kukauka."

Mzee akautazama mkono wake juu ya kipanya kama si wake.

"Nikisema hivyo, mke wangu atanihama," akasema. Watu walicheka, yeye hakucheka. Akavua kofia. "Mashine haijaniamuru. Nimeusukuma mwenyewe, na nimeona nimefika wapi. Andikeni ya pili."

Mama mjane alijifuta uso kwa pindo la shuka, kisha akaja mezani na bakuli lake na kuanza kurudisha maharage ndani, kopo kwa kopo.

Yaliiva jioni, tukala. Pikapu ilipowashwa dada aliniuliza kama narudi mjini. Nikatikisa kichwa. Nilitaka kuona bonde ambalo nilikuwa nimelihesabia.

"Na wewe wa Mbeya utalala wapi?" mama aliniuliza, bakuli tupu kichwani.

"Sijui, mama."

"Nina chumba cha viazi. Kitanda kipo, ila baridi inaingia. Na jikoni moto upo, kitanda hakuna." Akatabasamu kidogo. "Tuseme huna kitanda na huna moto. Unaanza na kipi?"

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na chini yake maji yalisikika.

"Moto."

"Umejibu upesi kuliko mwenyekiti," akasema, akatangulia kwenye njia ya kinyungu. Nyumbani kwake akanitandikia mkeka karibu na mafiga, wajukuu wakasogea kunipa nafasi, nami nikaingiza begi ndani.