Maji Yetu Yalikuwa Safi Mno

Fundi wa maji wa mtaa wetu amefariki, na wengi wetu tuliarifiwa na bomba kabla ya kuarifiwa na watu. Alilala Jumamosi akiwa mzima, Jumapili hakuamka, na Jumatatu asubuhi maji yaliyoingia ndani ya ndoo yangu yalikuwa na rangi ya chai. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi si mwepesi wa kulia. Siku hiyo nililia, na sehemu ya machozi hayo ilikuwa ya aibu, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Kwa miaka mingi mzee huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Papa, alifanya kazi peke yake katika kituo chetu kidogo kinachovuta maji kutoka Mto Tshopo na kuyasafisha kwa ajili ya familia zetu hapa Kisangani. Kituo chenyewe ni matangi mawili yenye nyufa, pampu inayokohoa na pipa la klorini. Kila alfajiri alitia shabu ili tope litulie, akapima klorini ya kuua vijidudu, kisha akaosha mchanga wa kuchujia kwa mikono yake. Alituomba kitu kimoja tu, tena mara nyingi: mtu wa kumfundisha kazi kabla nguvu hazijamwishia. Kamati ya maji, ambayo mimi ni katibu wake, ilimjibu kwa heshima zote kwamba mafunzo yamo ndani ya mradi, kwa hiyo asubiri.

Mradi huo ulikuwa ruzuku ya serikali ya kukarabati vituo vya maji vya mitaa na kujenga mitaro ya maji machafu. Niliandika maombi marefu. Nilieleza nyufa, nikaeleza pampu, nikaeleza maji ya vyooni yanayopita mbele ya milango ya watu kuelekea mtoni. Wakaguzi wawili walifika kwa pikipiki, wakajaza chupa ndogo bombani, wakaenda kupima. Barua iliyorudi ilitupongeza. Maji yetu ni safi, ilisema, na kwa kuwa ruzuku ni ya mitaa yenye maji yasiyofaa kunywa, sisi hatustahili. Sijawahi kuona pongezi zikipokewa kwa huzuni namna ile. Kamati iliitisha kikao cha dharura kujadili janga la usafi wa maji, na mwenyekiti wetu akauliza, uso mkavu kabisa, ni nani aliyeacha hali ifikie hapo.

Sote tulimjua. Mwaka uliofuata, wakaguzi walipotangaza kwamba watarudi, nilitumwa mimi kwa Papa, eti kwa sababu nina maneno matamu. Nilimkuta ndani ya tangi, maji yakimfika magotini, akisugua ukuta.

"Papa, ni siku tatu tu," nilimwambia. "Uache kutia dawa siku tatu, bapime, dossier yetu ya ruzuku ipite. Kisha utaendelea."

Hakuacha kusugua. "Na ile siku tatu batu batakunywa nini?"

"Tutabaambia bachemshe."

"Nani iko na makaa ya kuchemsha maji ya kunywa? Hata ya kupika mboga ya pondu inabashinda." Alipanda akatoka ndani ya tangi, akajifuta mikono kwenye suruali, akanitazama bila hasira. "Bon. Miye nitaacha dawa. Lakini kila asubui nitakuletea wewe kikombe ya kwanza, ukunywe mbele yangu. Wewe, na bibi yako, na batoto yako. Siku tatu yote. Tunapatana?"

Nilijikuna kichwa, nikasema kwamba lazima kwanza niwaulize wenzangu. Kamati, ambayo wajumbe wake wengi wana watoto, ilisikia pendekezo hilo, ikahamia haraka ajenda nyingine. Tukapata barua ya pili ya pongezi. Kuanzia hapo Papa akaitwa adui wa maendeleo, na waliomwita hivyo walikuwa wakinywa maji yake asubuhi na jioni bila tumbo kuwauma. Wengine waliacha hata kumsalimia. Yeye aliendelea kuamka alfajiri.

Nimewaza sana tangu wakati huo. Ofisi zetu zinajua vizuri kuhesabu kilichovunjika. Kisima kikifukiwa, watu wenye fulana za mradi hufika na bango kubwa, na sisi huandaa ngoma za kuwapokea. Lakini mtu anayeamka kila siku ili kitu kisivunjike hana nafasi katika fomu zao, na ni lazima nikiri kwamba hakuwa na nafasi hata kwetu sisi tulioishi naye. Tulimwona kama kizuizi. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo, na nilikuwa nikipita mbali na kituo ili tusikutane.

Wakaguzi walirudi mara ya tatu katikati ya matanga yake. Waombolezaji tulikuwa tukinywa maji ya mfuko, kwa sababu yale ya bomba yalinuka. Walijaza chupa yao, wakaiinua kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza niliwaona wakitabasamu. Barua ilifika siku ya kumaliza matanga. Baada ya sala, mwenyekiti alisimama akaisoma kwa sauti: tumekubaliwa. Watu walipiga makofi. Akasema kwamba marehemu, huko aliko, bila shaka anafurahi pamoja nasi.

Mjane wake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu yangu. Hakupaza sauti. "Alors," aliuliza, "mulikuwa munangojea afe?"

Makofi yalikwisha, na mimi mwenye maneno matamu nikajifanya natafuta viatu vyangu. Matangi mapya yatajengwa, sina shaka. Pipa la klorini bado limejaa, na mtaa mzima hakuna anayejua tutie kiasi gani. Mwenye ujuzi akikuomba mtu wa kumrithisha kazi yake, mpe leo hii. Sisi tulimwambia Papa asubiri mradi; mradi umefika, na mwalimu tumemzika.