"Na" Badala ya "Au"

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mgongo umepinda, na mguu wake hautulii hata akiwa mezani, unakanyaga tu. Alikaa nyumba ya serikali aliyopewa mumewe, dereva. Mume akafa. Sheria ilisema nyumba inabaki kwa "mjane au watoto". Watoto hakujaaliwa, lakini mjane alikuwa, hilo hata kipofu angeliona. Akaendelea kushona.

Halafu redio ikasema sheria hiyo inarekebishwa. Akanivuta twende kwa mbunge, mtoto wa mtaani kwetu. Mimi namwita Kamasi, maana ndivyo nilivyomjua.

"Mama mdogo, ondoa wasiwasi. Nitaisoma neno kwa neno."

"Uisome kabla ya kufungua mdomo," nikamwambia, "si baada."

Mdogo wangu akanifinya.

Sheria ikapita. Akaja bwana wa nyumba za serikali, miwani puani: sasa ni "mjane na watoto". "Mama, watoto wako wapi?" Swali gani hilo la kumuuliza mwanamke kizingitini kwake! Akaambiwa ahame.

Tukarudi kwa Kamasi. Tukamkuta anakula.

"Marekebisho tuliwekewa mezani asubuhi, rundo zima, mchana tukaulizwa ndiyo au siyo. Wachache waliomba wapewe muda wa kusoma, wakazomewa."

"Na wewe ulizomea?"

Akafuta mdomo. "Mama mkubwa, kaneno kenyewe kalikuwa katikati huko. Nani angekaona?"

"Aliyeahidi."

Mdogo wangu akauliza kwa upole, kama anamuuliza mgonjwa: "Baba, ulisema ndiyo kwa sauti, au ulisogeza midomo tu?"

"Kwa sauti, mama. Wote tulisema."

"Haya. Kula, chakula kinapoa."

Mimi ningemmwagia mchuzi.

Sasa cherehani iko ukumbini kwangu, inanitikisia vikombe kutwa. Juzi Kamasi kaja na shati la kupanuliwa, kitambi mbele. Sikumpa kiti. Akasimama mlangoni, anasema kikao kijacho watalirudisha lile neno, harakaharaka, hata kwa siku moja.

Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Msikimbie, baba. Someni kwanza. Mimi nyumba sina tena, hiyo haraka ni ya nani?"

Kisha akalipokea shati. Nikamwambia, hilo akalishonee nje, si ndani mwangu.