Kiti cha Mfalme wa Mkuyuni

Leo nimetoka kwenye sherehe ya mdogo wangu bila kula, na sijutii!

Jamaa ni mwalimu wa kawaida tu hapa Mkuyuni. Katimiza miaka thelathini, basi kakodi ukumbi ufukweni Ilemela, taji, na kiti cha dhahabu.

Hela katoa wapi? Kauza maksai wawili wa mama kule Misungwi, eti ni heshima ya familia. Mvua zimeanza, mama analima kwa jembe la mkono!

MC anapiga kelele, "Mama mfalme, njoo upige picha!"

Mama akakipapasa kile kiti, akaniuliza taratibu, "Hiki ndicho alichonunua? Tunaondoka nacho?"

"Hapana, mama. Jioni wenyewe wanakichukua."

Semeni nyie, hiyo pilau ingepita kooni?