Aplikesheni Isiyosalimia

Mtu akiniuliza kwa nini chakula cha haraka kinapewa aplikesheni yake peke yake, namjibu kwamba ni kwa sababu ya mama yangu. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana aplikesheni zote mbili za jiko lake nilizitengeneza mwenyewe.

Mama anapika chakula cha kuuza mtaani Kalangalala. Ile ya kwanza niliitengeneza nikijiona fundi wa mafundi: mteja anachagua chakula, anabonyeza, bodaboda anapeleka. Mama akaitazama, akaniuliza, "Sasa huyu mtu kanisalimia wapi?" Nikaongeza sehemu ya salamu. Mteja akiandika shikamoo, mama anajibu marahaba, kisha anauliza habari za nyumbani, watoto, ng'ombe kama anao, na mvua za huko kwao. Watu wa harusi waliipenda mno. Bibi mmoja alisalimiana naye siku tatu mfululizo na hakuagiza hata andazi.

Shida ilikuwa wale wa karasha, wanaosaga mawe ya dhahabu. Wao ndio wateja wa kila siku, na mapumziko yao ni mafupi. Mtu ana njaa, anaulizwa kama mahindi yameota! Wakaanza kuhamia kwa jirani, mmoja mmoja. Bila wao jiko lingezimika, na mama alilijua hilo kuliko mimi.

"Mama, biashara haigombi. Tuondoe salamu."

"Nimpikie mtu asiyenisalimia? Huyo si mteja, huyo ni jambazi."

Kwa hasira nikatengeneza ya pili, ya chapati na maharage tu, bila salamu. Jiko lile lile, bodaboda yule yule. Mama akakubali kwa sharti moja: anayepika huko asiwe yeye. Simu ya aplikesheni hiyo ya pili ikilia, alikuwa anavua khanga yake na kujifunga nyingine ya bluu, na akiwa ndani ya ile ya bluu hamsalimii binadamu yeyote. Siku moja mchungaji wa kanisani kwetu alipita akasema, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Mama akamwonyesha khanga kwa kidole. Mchungaji akaomba radhi, akasubiri pembeni mpaka abadilishe.

Wa karasha walirudi wote, wakaleta na wenzao. Khanga ya zamani ikawa inashinda kwenye msumari. Nilifurahi, nisidanganye.

Kisha nikaenda Buseresere kumtengenezea mama mwingine aplikesheni kama hiyo, nikakaa huko miezi miwili. Nilimkumbuka mama yangu hadi nikajionea aibu, mtu mzima mimi. Siku ya kurudi nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja jikoni, nimebeba mananasi. Alikuwa amenipa mgongo, kajifunga khanga ya bluu, anageuza chapati.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka. "Ngapi?"

Nikasema mbili, nikakaa kwenye benchi na watu wa karasha, nikasubiri zamu yangu.