Fahali wa Tarime Achukua Fomu

Msomaji, fahali akigombea, utamnyima kura? Juzi bomani Tarime, karani wa serikali ya mkoloni alikataa kumwandikisha mzee mwenye zizi kubwa awe mpiga kura, kwa kuwa hana mshahara wala cheti cha shule, kama sheria yao ya kura inavyotaka. Mzee akalaza fimbo mezani, taratibu.

“Basi mwanangu, andika fahali wangu awe mgombea.”

“Tata, mgombea lazima ajue Kiingereza.”

“Huyu akilia mara moja, kundi zima linamfuata mpaka mtoni. Hao wenu wa Kiingereza wamemfikisha nani majini?”

Foleni nzima ilicheka, ikajiunga na chama cha fahali palepale. Mimi, graduate mzima, no job, nikajitolea kuwa katibu.

Bwana DC, please, mwandikisheni mzee. La sivyo fahali anakuja kuchukua fomu mwenyewe, na mlango wenu ni mwembamba.